Kidonge cha Saa Tatu Usiku

*Shangazi, nina miaka 34, nimeolewa hapa Manga, watoto wanne. Tumbo hunijaa gesi na naweza kukaa siku tatu bila kwenda haja. Duka la dawa mjini Kisii waliniuzia vidonge vya probiotiki. Humeza saa tatu usiku kwani ndipo ninapokula. Leo ni siku ya tano na gesi imezidi. Niache? Tunaishi na mama mkwe, na sitaki ajue.*

Dada, gesi kuzidi siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Kidonge hicho kina bakteria hai, na wakifika tumboni huchachusha wanachokikuta. Kwa wengi hali hutulia baada ya siku chache, au wiki mbili hivi. Jipe wiki nne. Usipoona nafuu, acha, wala usiongeze kipimo. Ujue pia kwamba bakteria hao ni wapita njia: ukiacha kumeza, huondoka. Ukiona damu chooni, ukikonda au ukitapika, nenda hospitali mara moja. Na kama una ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, muulize daktari kabla ya kumeza kingine.

Sasa turudi kwenye maneno matatu uliyoyapita mbio: kwani ndipo ninapokula.

Saa tatu usiku! Na tangu alfajiri ulikuwa na nini tumboni, chai ya rangi? Mama yangu alikuwa hivyo. Alikula amesimama mlangoni mwa jikoni, sufuria mkononi, akikwangua ukoko kwa mwiko, sisi tukiwa tumeshiba na tumelala. Sikuwahi kumwona na sahani yake mwenyewe mpaka siku alipolazwa, muuguzi akamwekea moja mapajani. Aliishika kama kitu cha kuazima.

Kwa hiyo nisikilize. Utumbo huamshwa na chakula, hasa cha asubuhi. Ndiyo maana watu wengi huenda haja baada ya kifungua kinywa. Wewe unaushindisha njaa kutwa nzima, usiku unaujazia obokima, yaani ugali, kisha unalala. Hata hao bakteria uliowanunua wanataka kula: maharagwe, wimbi, na mboga za kienyeji kama chinsaga na rinagu. Mboga hizo unazichuma kwa mikono yako, unazichemsha, halafu wewe unabakiwa na mchuzi. Hakuna kidonge kitakachoziba pengo hilo, na nakukataza kununua kopo la pili kabla hujaliziba.

Usiniambie ni heshima. Kumtangulizia mzee na mgeni ni heshima, nami naishika. Lakini mpishi kukosa sahani ni mazoea tu, na binti zako wanakutazama wakijifunza mahali pa kusimama watakapoolewa.

Na huyo mama mkwe unayemficha, umewahi kumuuliza kuhusu amabere amaruranu, yale maziwa ya kuganda? Maziwa huchemshwa, yakapozwa, yakatiwa kidogo ya yale yaliyokwisha kuganda, yakaachwa kibuyuni siku moja au mbili. Watafiti waliyapima wakakuta bakteria wa asidi ya maziwa, akiwemo Lactobacillus plantarum, jina linalopatikana pia kwenye makopo ya madukani. Sisemi ni dawa. Hayana kipimo kama kidonge. Ni chakula, ni rahisi, na ya kuanzia huombwa kwa mtu. Mwombe. Mwambie tumbo linakusumbua. Yeye pia alikuwa mke wa mtu katika boma hilo, na huenda anakumbuka vizuri kuliko unavyodhani saa aliyokuwa akila.

Kesho kabla ya kushika kazi yoyote, keti kwenye kigoda unywe uji wa wimbi mpaka kikombe kiishe. Jioni toa sahani saba, si sita. Pakua ya saba kabla hujamwita mtu yeyote kula.