Kompyuta Mbili, Daftari Moja la Bei

Mfanyabiashara mwenye kompyuta mbili huweza kujikuta ana madaftari mawili yasiyolingana. Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi huko Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kompyuta ya kaunta inatumia Windows. Ile ya mwenye duka, nyumbani, inatumia Linux. Orodha ya bei za saruji, nondo na mabati ina mistari 400. Hutunzwa kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huandika nani kabadili nini, na lini.

Tatizo

Bei moja ikibadilishwa kaunta, Git huweza kuonyesha kuwa mistari yote 400 imebadilika. Sababu ni kwamba Windows kwa kawaida humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, na Linux kwa alama moja. Mwenye duka hawezi tena kujua ni bei ipi iliyoguswa, na hapo ndipo fedha hupotea.

Hatua za kufuata

1. Kanuni ya mwisho wa mstari iandikwe ndani ya daftari lenyewe, katika faili liitwalo .gitattributes:
*.csv text
Faili hilo husafiri pamoja na orodha, na kila kompyuta hulifuata. Kwa orodha ya zamani, amri ya git add --renormalize . itumike mara moja, kisha badiliko lihifadhiwe.

2. Mipangilio ya pamoja, kama vifupisho vya amri, iwekwe katika faili moja la .gitconfig na kunakiliwa kila kompyuta.

3. Mwishoni mwa faili hilo iongezwe:
[include]
path = ~/.gitconfig-hapa
Faili hili la pili hubaki kwenye kompyuta yake tu. Humo huandikwa jina la mtumiaji na njia ya kutunza nywila, ambayo hutofautiana kati ya Windows na Linux. Mpangilio ukitajwa mara mbili, wa mwisho ndio unaoshinda.

Tahadhari

Jina la mwenye duka lisiwekwe katika faili la pamoja. Likiwekwa, bei aliyobadilisha karani itasomeka kana kwamba kaibadilisha tajiri mwenyewe. Nywila nayo isiandikwe humo kabisa.

Kuhakikisha, amri ya git config --list --show-origin huonyesha kila mpangilio umetoka faili gani. Ipigwe kwenye kompyuta zote mbili kabla ya bei mpya kuingizwa.