Samaki Hawashiki Ndoana Msimu wa Baridi? Chagua Chambo na Mbinu Hizi



Mwezi wa Juni ukiingia huku Njombe, maswali ninayopokea hubadilika. Watu wa viazi wanaulizia sakitu. Wafugaji wa samaki wanaulizia jambo moja tu: "Bwana shamba, samaki wangu hawali, hawashiki ndoana, wameenda wapi?" Hawajaenda popote, wamo humohumo bwawani. Ila maji yamepoa, na mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo.

Leo tutajifunza namna ya kuchagua chambo na kuvua sato na kambale bwawani kuanzia Juni hadi Agosti. Lakini kwanza nieleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha somo hili.

KOSA LANGU

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Stashahada ninayo, lakini habari ya mabwawa ya nyanda za baridi chuoni tulipita juu juu tu. Mzee mmoja katani kwangu alikuwa na bwawa la sato kama 400 hivi. Binti yake alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, na mzee alipanga kuvua kidogo kidogo mwezi wa Julai, auze, apate nauli, godoro na mahitaji mengine ya shule.

Akatupa ndoana siku tatu, akapata samaki wawili. Akaja kwangu. Nami bila hata kwenda kugusa maji nikamjibu: "Mzee, ongeza chakula. Watazoea kuja juu, utawavua kirahisi."

Akanisikiliza. Akamwaga pumba na dagaa asubuhi na jioni. Siku ya sita, baada ya siku mbili za mawingu mazito, akanipigia simu alfajiri. Nilikuta samaki wako juu wanatweta, midomo nje ya maji, na wengine wameshageuka matumbo juu. Tulihesabu waliokufa 130 na kitu. Chakula chote kilikuwa kimelala chini kinaoza, na uozo ule ndio uliomaliza hewa ndani ya maji.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Sasa bwana shamba, mtu akiwa hana njaa, ukimwongezea ugali mezani ndiyo atakula?" Sikuwa na jibu. Binti alikwenda shule amechelewa wiki tatu, baada ya mzee kuuza mahindi yaliyokuwa ya kula nyumbani. Sijalisahau hilo mpaka leo.

KWA NINI SAMAKI HALI WAKATI WA BARIDI?

Wewe na mimi tukisikia baridi tunavaa sweta na kula zaidi. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, damu yake inapoa, tumbo linasaga chakula polepole, na nguvu ya kukimbiza chakula inapungua. Sio mkaidi, na wala sio mgonjwa.

Kwa sato, shika namba hizi:

- Nyuzi joto 25 hadi 30: anakula vizuri na kukua haraka.
- Nyuzi 20 hadi 25: anakula, ila kasi imepungua.
- Chini ya 20: anakula kidogo sana, tena mchana tu.
- Chini ya 16 au 17: kwa kawaida anaacha kula.
- Karibu na 10: maisha yake yako hatarini.

Kambale naye hupenda joto kama sato, na chini ya nyuzi 20 hamu yake ya kula hushuka vilevile.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mvuvi wa msimu huu si ndoana, ni kipimajoto. Kifunge kamba, kishushe kama sentimita 30 chini ya uso wa maji, subiri dakika tano, soma. Pima saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Utashangaa tofauti iliyopo kwenye bwawa hilohilo, siku hiyohiyo.

TUJIFUNZE KWA WAVUVI WA BASS

Kanuni hii haiko kwetu tu. Kuna samaki anaitwa bass, asili yake Marekani. Kwa majirani zetu Kenya yupo Ziwa Naivasha, alikopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Bass ni mwindaji, na maji yakiwa ya moto hukimbiza chambo kwa kasi. Lakini kule kwao majira ya baridi, Desemba hadi Februari, maji ya maziwa mengi hushuka hadi nyuzi 5 au chini ya hapo. Hapo bass hakimbizi kitu.

Wavuvi wa kule hawasemi samaki wamehama. Wanabadilisha chambo. Vile vyambo bandia vinavyokwenda mbio wanaviweka pembeni. Wanachukua kijisamaki kidogo cha chuma kizito wanachokishusha wima hadi karibu na chini, au ndoana yenye kichwa cha risasi iliyofungwa manyoya. Wanakiburuta polepole, kisha wanakiacha kimya sekunde 10, hata 20, kabla ya kukisogeza tena. Mara nyingi bass hukishika wakati kimetulia. Na hawakimbilii alfajiri. Wanangoja mchana, jua limeshapasha maji kidogo.

Ukichuja hapo unabaki na mambo manne: chambo kidogo, mwendo wa polepole, saa ya joto, na mahali pa joto. Tofauti ni kwamba bass anavumilia nyuzi 5, sato wetu hapo anakufa. Lakini mambo manne ni yaleyale. Tuyalete bwawani.

1. CHAMBO KIDOGO

Kwa sato, chambo bora msimu huu ni nyungunyungu. Usitundike mzima. Kata kipande cha urefu wa kucha ya kidole, ficha ncha ya ndoana. Samaki mwenye baridi hafungui mdomo kwa tonge kubwa, anaonja tu. Ukikosa nyungunyungu, tumia ugali mgumu uliokandwa na unga kidogo wa dagaa, donge lisizidi punje ya njegere. Ndoana nayo iwe ndogo, namba 10 au 12, na mshipi uwe mwembamba.

Kwa kambale, tafuta chambo chenye damu na harufu: ini au utumbo wa kuku. Kambale hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu zake kuliko kwa macho, hivyo chambo kilicholowa siku nzima kikapauka hakimvuti. Badilisha kila baada ya nusu saa.

2. MWENDO WA POLEPOLE

Tupa, kisha tulia. Usivute vute kila dakika. Kwa sato tumia chelezo chepesi. Kipande kidogo cha ndala kuukuu kinatosha. Wakati wa joto chelezo huzama ghafla. Wakati wa baridi kinainama kidogo tu, au kinasogea kama kimesukumwa na upepo. Huyo ndiye samaki. Inua ufito taratibu, usikurupue, utamchana mdomo bure.

Kwa kambale ondoa chelezo, weka chubwi ndogo, chambo kilale chini kabisa. Mpe muda.

3. SAA YA JOTO

Kuvua asubuhi na mapema msimu huu ni kujitesa. Maji yamepoteza joto usiku kucha, na samaki wamesinzia. Anza saa saba mchana hadi saa kumi jioni, hasa siku yenye jua. Kambale anaweza kuendelea kula mpaka giza linapoingia, ikiwa mchana ulikuwa na jua. Siku ya mawingu mazito na ukungu, fanya kazi nyingine.

4. MAHALI PA JOTO

Maji ya pembeni yenye kina kifupi hupoa haraka usiku, ndiyo maana asubuhi sato wanajikusanya kwenye kina. Mchana jua likiwaka, tabaka la juu ndilo linalopata joto kwanza, nao hupanda kulifuata. Tafuta upande usio na kivuli cha miti. Kama kuna upepo mwepesi, nenda upande upepo unakoelekea, maana unasukuma maji ya juu yenye joto kwenda huko.

Anza na chambo sentimita 30 hadi 50 chini ya uso wa maji. Zikipita dakika 20 bila kuguswa, shusha shubiri moja. Endelea hivyo mpaka uwapate, na ukiwapata usibadilishe kina.

Kuhusu kumwaga chakula ili kuwavuta: kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Kijiko, sio kopo.

NA CHAKULA CHA KILA SIKU JE?

Hapa ndipo nilipompoteza mzee, kwa hiyo soma kwa makini. Tuchukue sato 400 wenye gramu 200 kila mmoja. Jumla ni kilo 80. Maji yakiwa na joto zuri, unaweza kuwapa asilimia 2 ya uzito wao, yaani kilo 1.6 kwa siku. Maji yakishuka hadi nyuzi 18 au 19 alasiri, toa nusu ya hapo au pungufu, gramu 800 kushuka chini, mara moja tu, saa nane mchana. Mwaga kidogo, tazama. Kama baada ya dakika 15 bado kipo, acha. Kipimo cha alasiri kikiwa chini ya 17, usilishe kabisa siku hiyo. Sato mkubwa hafi kwa kukosa chakula siku chache. Anakufa kwa chakula kilichooza.

ANGALIZO

- Usikokote wavu bwawani asubuhi ya baridi ili upate samaki watano wa mboga. Wavu unachubua magamba ya wote, na kwenye maji baridi michubuko hushikwa na ukungu mweupe kama pamba. Ndoana inagusa yule mmoja tu unayemchukua, ndiyo maana msimu huu naipendekeza.
- Punguza maji ya mto yanayoingia usiku. Maji ya mlimani ni baridi kuliko ya bwawani. Acha bwawa lishike joto la mchana.
- Ukiona samaki wanatweta juu, hapo kanuni inageuka: acha kulisha mara moja na fungulia maji mapya, hata kama ni ya baridi. Hewa kwanza.
- Kama bado hujachimba bwawa, nenda kina cha mita 1 hadi 1.5. Kidimbwi cha kufika magotini hakiwezi kukulindia sato Julai ya Njombe.

Yule mzee bado anafuga. Kipimajoto chake kimefungwa kwenye mti mkavu kando ya bwawa, na Julai hanisubiri mimi, anasoma mwenyewe. Alasiri ikifika 19 anachukua ufito, anarudi na samaki sita au wanane wa kuuza hapo kijijini. Sio wengi, lakini waliobaki wapo hai mpaka Oktoba maji yanapopata joto, na hapo ndipo anavuna kwa wavu.

Kazi yako ya wiki hii: pima maji asubuhi na alasiri kwa siku saba, andika kwenye daftari, kisha mpelekee afisa ugani wa kata yako. Na akikupa jibu haraka kabla hajaiona hiyo karatasi, mwambie kwa heshima aje kwanza aguse maji.

Tukutane somo lijalo.