"Frateri, Wewe Umekisoma?" Riwaya Sita za Kijana Mkatoliki wa Miaka 10 hadi 16



Wapendwa vijana, leo sileti tafakari ya Injili ya Dominika kama mlivyozoea. Naleta orodha ya vitabu vya hadithi. Wengi mmekuwa mkiniuliza, na wazazi pia: "Frateri, huyu mtoto anapenda sana kusoma, nimpe nini?" Nitajibu. Lakini kabla ya orodha nina jambo la kukiri, maana orodha hii imetokana na kosa langu mwenyewe.

1. Kilichotokea

Ilikuwa Desemba, wakati wa likizo. Nilikuwa nasaidia kufundisha watoto wa Kipaimara katika kigango kimoja huku kwetu Ufipa. Mnaoijua Desemba ya huku mnaelewa: mvua, matope, na mabati ya kanisa yanayopiga kelele mpaka mwalimu unasimamisha somo. Siku moja nimesimama nasubiri mvua ipungue, nikamwona binti mmoja wa mstari wa nyuma kainamia magoti yake. Alikuwa amemaliza darasa la saba, anasubiri kwenda kidato cha kwanza. Nikasogea. Alikuwa anasoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi.

Nikakichukua. Mbele ya wenzake wote nikasema kitabu kama hicho si cha binti Mkristo anayejiandaa kumpokea Roho Mtakatifu. Wenzake wakacheka. Yeye hakulia wala hakubisha. Aliniuliza kwa adabu kabisa: "Samahani Frateri, wewe umekisoma?"

Nikasema ndiyo.

Jamani, nilikuwa sijakisoma. Nilikuwa nimesikia habari zake tu. Nina digrii ya falsafa, naweza kukueleza Aristotle alisema nini juu ya ukweli, lakini pale mbele ya watoto thelathini nilisema uongo ili nisionekane mdogo.

Usiku ule nilikisoma chote kwa tochi ya simu. Na Jumamosi iliyofuata yule binti hakuja kwenye mafundisho. Na iliyofuata pia hakuja.

2. Nilichokuta ndani

*Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971. Mwandishi wake, mzaliwa wa Ukerewe, aliwahi kusoma Seminari ya Nyegezi, kwa hiyo lile jina hakuliokota njiani. Ni jina la Mama Bikira Maria katika Litania yake. Riwaya ile iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu inaeleza wazi mambo ya mwili. Ni kweli yamo, tena mazito, na mwisho wake ni wa huzuni kubwa. Siwezi kumpa mtoto wa miaka 13 akasome peke yake.

Lakini nilikuta jambo jingine ambalo uvumi haukuniambia. Ni hadithi ya baba anayemlinda binti yake kwa fimbo na vitisho, bila hata siku moja kuzungumza naye. Binti anajua kumwogopa baba, lakini hajui kuchagua mema. Siku anapokuwa mbali na fimbo, hana kitu ndani cha kumshika. Nilipofunga kitabu nilijiona. Na mimi darasani nilikuwa nimetumia fimbo, ingawa yangu ilikuwa ya maneno.

Nilikwenda kuungama. Kisha nikamwomba mama mmoja katekista anisindikize nyumbani kwa yule binti. Nikamrudishia kitabu mbele ya mama yake, nikamwomba msamaha kwa kumwaibisha na kwa kumdanganya. Nikamuuliza kwa nini alikichagua. Akasema: "Jumuiya yetu inaitwa Rosa Mistika. Nilidhani ni kitabu cha Mama Maria." Na alipogundua sivyo, kwa nini aliendelea? "Nilitaka kujua kama Rosa atapona."

Nikamwambia kweli, hakupona. Akakaa kimya, halafu akasema, "Basi hakuwa na mtu wa kumwambia."

Mengine tuliyozungumza siku ile si ya kuandikwa hapa. Itoshe kusema kwamba yule mama katekista aliendelea kwenda pale nyumbani, na binti alirudi kwenye mafundisho.

3. Je, Mkristo asome hadithi za kutunga?

Wapo wanaosema riwaya ni kupoteza muda, heri usome Biblia tu. Tuangalie Biblia yenyewe. Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumuua Uria, Mungu alimtuma nabii Nathani (2 Samweli 12). Nathani hakuanza na amri. Alimpa hadithi ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, na tajiri aliyemnyang'anya. Daudi akakasirika, akamhukumu yule tajiri, na ndipo akajikuta amejihukumu mwenyewe. Hadithi iliingia pale ambapo karipio lisingeingia. Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano: mwana mpotevu na Msamaria mwema ni hadithi.

Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4, aliwaandikia vijana kuhusu vitabu vya wapagani. Hakuwakataza. Aliwaambia wawe kama nyuki, ambaye hatui kwenye kila ua, na kwenye ua analotua habebi kila kitu. Na hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika barua yake ya mwaka 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, alikumbuka alivyofundisha fasihi kwenye shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Wanafunzi walikikataa kitabu cha zamani kilichokuwa kwenye mtaala, wakataka waandishi wa karibu nao. Akawaambia kile cha mtaala wakisome nyumbani, na darasani wajadili wale wanaowapenda. Barua hiyo alianza kuifikiria kwa ajili yetu tunaosomea upadri, lakini akaona inawafaa Wakristo wote.

4. Maswali manne kabla ya kufungua kitabu

*Kwanza: uovu unaitwa uovu?* Kitabu si kibaya kwa sababu kina dhambi ndani. Biblia nayo inazisimulia. Tatizo ni kitabu kinachopaka dhambi asali na kuficha matunda yake. Zile simulizi za kwenye magrupu ya simu, sehemu ya 1 mpaka ya 80, kila sehemu inakatika pale penye utamu, nyingi zinaanguka kwenye swali hili.

*Pili: watu wamo kama watu?* Kama msichana kwenye hadithi ni mwili tu, hana mawazo wala machozi, weka chini.

*Tatu: una mtu wa kuzungumza naye?* Hili nimefundishwa na yule binti. Kitabu kizito kinahitaji mtu mzima wa karibu: mama, shangazi, mwalimu, katekista.

*Nne: unatoka vipi?* Ukikifunga, unamwona jirani yako vizuri zaidi, au unataka kujificha tu na simu?

5. Orodha yenyewe

Miaka 10 hadi 12

*Adili na Nduguze* (Shaaban Robert, 1952). Kitabu chembamba. Adili, mtu mwema, kila usiku analazimika kuwapiga mijeledi manyani wawili, na moyo unamuuma. Kwa nini? Siri inafunguka taratibu: ni ndugu zake waliomtupa baharini kwa sababu ya wivu. Ukimaliza, soma Mwanzo sura ya 37 na ya 45, habari za Yusufu. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na mafundisho yake juu ya msamaha yatakufaa sana wewe Mkatoliki. Kiswahili chake kina maneno magumu, kaa na kamusi karibu.

*Kisiwa chenye Hazina*, tafsiri ya kitabu cha Robert Louis Stevenson cha mwaka 1883. Mvulana Jim anasafiri na maharamia kutafuta dhahabu. Funzo lake kwangu ni Long John Silver, mwovu anayependeza, mcheshi, anayekuita mwanangu. Shetani naye haji na pembe siku zote. Kumtambua mtu kama huyo kitabuni ni mazoezi mazuri kabla hujakutana naye stendi.

Miaka 13 hadi 14

*Siku Njema* (Ken Walibora, 1996). Kijana wa Tanga anafiwa na mama yake, anateseka, kisha anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui. Kwa mliolelewa na bibi, au ambao baba alikwenda mbali kutafuta maisha na hakurudi, hiki ni chenu.

*Watoto wa Mama N'tilie* (Emmanuel Mbogo). Mama anauza chakula Dar es Salaam, baba ni mlevi, watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na kuishia jalalani. Kinagusa dawa za kulevya na kifo, kwa hiyo wazazi msome pamoja nao. Ukitoka humu hutamdharau tena mtoto anayeokota chupa sokoni.

*Takadini* (Ben J. Hanson). Hiki nitakaa nacho kidogo. Kimeandikwa kwanza kwa Kiingereza. Sekai, mama aliyesubiri mtoto miaka mingi katika kijiji cha Zimbabwe ya zamani, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe. Mama anambeba na kukimbia usiku, anakwenda kutafuta kijiji kitakachowapokea. Jina la mtoto ni swali kwa Kishona: tumefanya nini?

Ndugu zangu wa Rukwa, swali hilo ni letu. Mkoa wetu umo kati ya mikoa ambako watu wenye ualbino wamevamiwa na kukatwa viungo, na mwaka 2013 watoto walikuwa kati ya walioumizwa. Watu wanapenda kutania kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuutupe kweli. Mbatizwa hawezi kwenda Komunyo asubuhi na jioni akaamini kwamba mkono wa mtoto unaleta utajiri. Mahubiri mangapi tumesikia juu ya jambo hili na hatukubadilika? Pengine tunahitaji kutembea kurasa kadhaa nyuma ya Sekai, tukiwa na yule mtoto mgongoni. Vikundi vya TYCS, msomeni pamoja kila mwaka kuelekea tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino.

Miaka 15 hadi 16

*Shamba la Wanyama* (George Orwell), kilichotafsiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Wanyama wanampindua mkulima, halafu nguruwe wanaanza kidogo kidogo kufanana na yule waliyempindua. Usiishie kuwacheka wanasiasa. Jiulize umefanya nini siku ulipochaguliwa kiranja, au mwenyekiti wa vijana parokiani.

Na *Rosa Mistika*? Isubiri mpaka kidato cha tano au cha sita, na uisome ukiwa na mtu wa kumwambia. Wazazi, ninyi isomeni sasa.

6. Vitabu tutavipata wapi?

Najua, vitabu ni ghali na maduka ni machache huku kwetu. Fanyeni hivi: jumuiya ndogondogo tano zichange, kila moja inunue kitabu kimoja, vikae kwenye sanduku parokiani na daftari la kuazima. Usiku wa Julai, Ufipa inapotuganda kwa baridi na wote tumezunguka moto jikoni, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Bibi zetu walitusimulia bila kitabu. Tusiwe kizazi kinachonyamaza, kila mtu na simu yake.

Maswali ya kutafakari

1. Ni hadithi gani iliwahi kukufanya ujione, kama Daudi mbele ya Nathani?
2. Unachosoma kwenye simu usiku, ungeweza kumsomea mdogo wako?
3. Je, kuna mtu karibu nawe ambaye hana mtu wa kumwambia?

Tuombe

Ee Yesu, uliyewafundisha watu kwa mifano, utupe macho ya kuchagua mema katika tunayoyasoma, moyo wa kumwona jirani, na ujasiri wa kusema "sijui" pale tusipojua. Mama Maria, utuombee. Amina.

Wenu katika Kristo,
Frateri wenu, Sumbawanga