Kutafuta Pesa ya Kumtibu Mbwa Mwenye Saratani Ukiwa Rusizi

Mbwa akiugua ugonjwa mzito, nawe ukaingia kwenye simu kutafuta msaada wa pesa, utaletewa majina mengi mazuri. PDSA ya Uingereza huwatibia watu wenye kipato kidogo wanyama wao. RedRover ya Marekani hutoa ruzuku ndogo za dharura. Niliyasoma yote nikiwa Kamembe, hapa Rusizi, Rwanda, na yote yanahudumia wakazi wa huko huko. Hata GoFundMe, ambayo wengi wetu tunaiona kama mlango wa dunia nzima, haimruhusu mtu aliye Rwanda kufungua mchango na kupokea pesa kwenye akaunti ya hapa.

Nyumbani nako milango rasmi ina wenyewe. Mituweli, bima ya afya ya jamii, ni ya binadamu. Bima ya Tekana Urishingiwe, iliyoanza 2019, ni mkombozi kweli kwa mwenye ng'ombe, maana serikali humlipia asilimia 40 ya ada, na baadaye nguruwe na kuku nao wakaingizwa. Mbwa hamo. SACCO ya umurenge, yaani ya kata, hukopesha kwa kuangalia kipato chako, na riba utailipa mbwa apone asipone.

Kwa hiyo naandika namna tulivyopata pesa ya kumtibu mbwa wetu Simba hapa hapa Rusizi, kutoka kwa watu wanaomjua. Nimeliona jambo moja likifanya kazi kuliko mengine yote: watu hushindwa kuchangia ugonjwa, lakini sindano moja yenye bei na tarehe huichangia.

Simba analinda ua tunaoishi familia kadhaa, na humo humo wafanyabiashara wawili wanahifadhi magunia ya sambaza, wale samaki wadogo, waliokaushwa kabla ya kuyapeleka sokoni. Alianza kudondosha damu sehemu za siri, tone tone, na kujilamba bila kupumzika. Baadaye ukaonekana uvimbe mwekundu, laini, wenye vinundu kama koliflawa. Majirani wakasema ni kidonda cha kupigana. Mmoja alishauri aupakwe mafuta ya breki, mwingine akasema mbwa wa hivyo humalizwa mapema asiteseke.

Pesa ya kwanza itoke mfukoni mwako, na iende kwenye uchunguzi. Usimwombe mtu chochote kabla hujajua unachokiombea. Daktari wa mifugo wa umurenge, yule tunayemwita veterineri, kazi yake kubwa ni ng'ombe, mbuzi na nguruwe, lakini ndiye anayejua ni daktari gani wa binafsi anayeshika mbwa na ana hadubini. Huyo wa binafsi alifuta uvimbe kwa kipande cha kioo, akakiangalia, akaniambia ni saratani ambayo mbwa huambukizana wakati wa kupandana, na hata kwa kunusana na kulambana. Chembe zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Iko sehemu nyingi zenye mbwa wanaozurura, na eneo letu lote ni la namna hiyo.

Niliposikia neno saratani niliona mwisho. Lakini hii ni mojawapo ya saratani chache ambazo mara nyingi huisha kabisa kwa dawa moja tu, vinkristini, dawa ile ile inayotumika kwa watu. Asili yake ni ule mmea wa maua ya waridi na meupe unaopandwa mbele ya nyumba nyingi, ambao wataalamu huuita Catharanthus roseus. Mbwa huchomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, na wengi huhitaji sindano nne hadi sita. Usijaribu kuchemsha maua hayo. Mmea wenyewe ni sumu, na dawa hutolewa kiwandani kwa kipimo.

Hapo ndipo nilipomwomba daktari karatasi.

"Dokta, niandikie kila kitu na bei yake. Hata glovu."

"Mama, wengi huniuliza jumla tu."

"Jumla itanitisha mimi na itawatisha nitakaowaonyesha. Niandikie ya wiki moja."

Akaandika: dawa, bomba na sindano ndogo ya mshipa, kazi yake, kipimo cha damu, nauli yake ya pikipiki kama atakuja nyumbani. Kisha akaniambia kwamba bei ya dawa inategemea uzito, kwa hiyo mbwa apimwe. Kijana wa jirani alimbeba Simba, akapanda naye kwenye mizani ya magunia, akamshusha, akapanda tena peke yake. Tofauti ndiyo kilo za mbwa. Ile hesabu ilitupunguzia gharama palepale, maana daktari alikuwa amemkadiria kwa macho kuwa mzito zaidi.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulikuta limeandikwa popote. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.025 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji nusu miligramu. Vichupa vinavyouzwa huwa vya miligramu moja au mbili, na kikishafunguliwa haifai kukiweka kwa ajili ya wiki ijayo. Maana yake nusu ya dawa uliyoilipia, au zaidi, inaweza kumwagwa. Muulize daktari kama ana mbwa mwingine mwenye ugonjwa huo huo, na kama anaweza kuwachoma siku moja, dakika zile zile, kwa kutumia kichupa kimoja. Ugonjwa huu huambukizwa, kwa hiyo mbwa wa pili kwa kawaida hayuko mbali. Wetu alikuwa katika umurenge wa Mururu, hapa hapa Rusizi: mbwa wa mzee mmoja anayelinda bohari. Tuligawana bei ya dawa nusu kwa nusu, na sikujua kabla ya hapo kwamba msaada mkubwa kuliko yote ungetoka kwa mtu mwenye shida kama yangu.

Baada ya hapo nikaanza kwenda kwa watu. Nilianza na wale ambao Simba anawalindia mali. Kwa mama wa sambaza, mmoja wa wale wafanyabiashara wawili, sikwenda na hadithi ya huruma. Nilimwonyesha karatasi, nikamwambia, "Mama mkubwa, wiki hii ni yangu. Ijayo naomba uibebe wewe, au ubebe glovu na sindano tu." Alisoma mstari kwa mstari, akauliza glovu za nini, nikamweleza, akasema atabeba kazi ya daktari. Mwenzake akabeba kipimo cha damu. Mtu akiona pesa yake ina kazi yenye jina, hajiulizi kama amerogwa na maneno.

Kikundi chetu cha kuweka akiba, kimina, kina mfuko wa ingoboka kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Ule sikuugusa. Siku mtoto wa mwanachama akilazwa hospitali ya Gihundwe, pesa hiyo inatakiwa iwepo, na mbwa asiwe sababu ya kuikosa. Nilichukua mkopo wa kawaida wa mwanachama, mdogo, wa sindano moja, nikaurudisha kabla sijaomba mwingine. Naona huo ndio utaratibu wa haki, na ndio uliowafanya wenzangu wasinung'unike.

Kuna watu hutakiwi kuwaomba, na ukikataliwa usiulize mara mbili. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa walikula maiti barabarani na mashambani, na baadaye wengi walipigwa risasi kwa sababu hiyo. Wapo wazee na watu wa rika langu ambao wakimwona mbwa wanaona yale. Mtu wa namna hiyo akikwambia hapana, humdai ufafanuzi wowote. Mimi nilipita kwa jirani mmoja bila hata kutaja, tukazungumza mambo ya mvua.

Kwa Waislamu wenzangu wa Kamembe, nilimwuliza ustadhi kwanza. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili, na yote ni ya watu, mnyama hamo. Sadaka ya hiari ni jambo jingine, na kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kila mtoto wa madrasa anakijua. Niliomba sadaka kwa watu watatu tu ninaowafahamu, pembeni, baada ya swala, wala sikuomba itangazwe. Walionipa walinipa kwa moyo mweupe.

Ndugu walio nje husaidia sana wakiombwa vizuri. Nina binamu Brussels, na yeye, kwa kuwa anaishi Ubelgiji, angeweza kufungua mchango wa GoFundMe kwa jina lake. Hatukufika huko. Nilimtumia picha ya karatasi na namba ya simu ya daktari, akamtumia daktari mwenyewe pesa ya wiki moja. Nakuhimiza ufanye hivyo hivyo: pesa ikienda moja kwa moja kwa anayetibu, hakuna anayebaki na wasiwasi, na wewe hulali na pesa ya watu kwenye simu siku ambayo nyumbani hamna chakula.

Usikimbilie kwa madaktari wa Kigali kabla hujapiga hesabu. Ni safari ya saa tano au sita, unapita msitu wa Nyungwe na Huye, na basi la abiria si mahali pa mbwa anayetoka damu, kwa hiyo utakodi gari. Kodi hiyo inaweza kuzidi dawa zote. Sisi daktari wetu alimpigia mwenzake wa Kigali, wakashauriana, na dawa ikaja kwa basi ndani ya boksi lenye barafu, kwa maana lazima ikae kwenye ubaridi. Kama hapa hakuna anayejua kuichoma, basi safiri, usibahatishe. Tone likivuja nje ya mshipa huunguza nyama mpaka ikaoza. Mkojo na kinyesi cha siku zinazofuata usivishike kwa mikono mitupu, watoto wakae mbali, na mama mjamzito asiwe ndiye anayesafisha. Bei ya glovu usiikate kamwe.

Kipimo cha damu nacho watu hutaka kukiruka ili kupunguza gharama. Dawa hii hushusha chembe nyeupe, na wiki moja damu ya Simba ilikuwa chini, daktari akakataa kumchoma. Niliwaambia waliochangia siku hiyo hiyo, na pesa ya wiki ile ikasogezwa mbele. Baada ya sindano ya pili uvimbe ulikuwa umenywea wazi wazi. Nilimwita mama wa sambaza aje aone kwa macho yake, naye akaongeza mchango bila kuombwa.

Kabla hujaanza, keti na daktari mkubaliane mahali pa kuishia: uvimbe usipopungua baada ya sindano kadhaa, au mbwa akiacha kula, mtafanya nini. Uliza pia bei ya kumlaza usingizi wa mwisho bila maumivu, nayo iandikwe kwenye karatasi ile ile. Inaumiza kuiona hapo, lakini waliochangia wana haki ya kujua, na mbwa ana haki ya kutoachwa kufa kidogo kidogo kwa sababu pesa ya sindano ilikwisha.

Simba alipona. Kilichobaki kwenye mchango niliwatangazia wote, wakakubali kitumike kumhasi na kumchanja kichaa cha mbwa, kwa sababu mbwa aliyepona akiachwa kuzurura usiku anaweza kuambukizwa tena. Mbwa wa mzee wa Mururu naye yuko kwenye foleni, na daktari amekubali kuwafanyia siku moja kwa nauli moja ya pikipiki.