Vidokezo 8 vya kuonja tonto ukiwa Old Kampala

Viwanda vidogo vya bia huko Ulaya na Marekani siku hizi vinaringia bia ya ngano iliyochachushwa makusudi, kisha ikatiwa matunda: pasheni, embe, rasiberi, chochote kilichoiva. Mweleze mzee wa Buganda habari hiyo. Atakusikiliza mpaka mwisho, halafu atakuuliza: tunda, nafaka na uchachu, hiyo si tonto?

Ndiyo hiyo. Tonto ni maji ya ndizi yaliyochachuka pamoja na mtama uliokaangwa. Mbege ya Uchagani, ya ndizi na ulezi, ni ndugu yake, na rubisi ya Bukoba ni jirani yake wa mlango wa pili. Kiwanda chake ni kidogo kuliko vyote: gogo lililochongwa, lililolala chini ya migomba. Waganda huliita eryato, neno lile lile la mtumbwi wa ziwani.

Hapa Old Kampala, kilima ambako Kapteni Lugard wa Uingereza alipiga kambi Desemba 1890, migomba ni ya kutafuta kwa tochi. Tonto hutufikia ndani ya dumu la njano, ikitokea nje ya mji. Ikifika, fanya hivi.

1. Uliza siku, usiulize jina

Tonto haina lebo wala tarehe ya kuisha. Ina umri, na umri ndio ladha. Ikiwa na siku moja bado ni tamu, inanukia ndizi mbivu na kilevi hakijakolea. Siku ya pili utamu na uchachu hukutana njiani. Hapo ndipo mimi huvuta kiti. Baada ya siku chache zaidi unakunywa siki.

Sababu haina uchawi. Hamira ya asili hula sukari ya ndizi na kutoa kilevi na gesi. Bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha mtindi huleta uchachu laini. Mwisho huja bakteria wa siki, ambao wakipata hewa hukigeuza kilevi chote kuwa ukali wa kachumbari. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: "Nnyabo, imekamuliwa lini?"

2. Usikaze kifuniko

Niliwahi kupandisha dumu kilimani kwa bodaboda, kifuniko nimekikaza kwa nguvu zangu zote ili isimwagike hata tone. Shimo la kwanza barabarani, kimya. Shimo la pili, mlio kama wa bunduki, na mgongo wa dereva ukapata ubatizo. Nililipa nauli na sabuni. Tonto inaendelea kuchachuka hata ikiwa safarini, na gesi yake inataka njia. Legeza kifuniko kidogo, shika dumu wima, mwombe dereva aende taratibu.

3. Iache itulie, kisha mimina kwenye glasi

Kikombe cha plastiki kinaficha mambo. Tafuta glasi nyeupe ya chai. Dumu likitulia nusu saa, mashapo ya mtama yatashuka. Mimina glasi moja ya juu juu bila kutikisa, halafu tikisa umimine ya pili. Ya kwanza itakuwa nyepesi na yenye uchachu wa wazi. Ya pili nzito, karibu na uji. Onja zote mbili kabla ya kuamua wewe ni wa upande gani. Ukipata chupa ya bia chachu ya ngano yenye matunda, jaribio ni lile lile, maana nayo mara nyingi huweka mashapo chini.

Rangi isikutishe. Tonto njema ni ya kahawia na ina ukungu. Inayong'aa kama maji ya chupa ndiyo ya kutiliwa shaka.

4. Pua itangulie

Jina lake jingine ni mwenge bigere, pombe ya miguu, kwa sababu ndizi hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka maji yatoke, na nyasi hizo hizo huyachuja. Hapana, hutasikia harufu ya miguu. Utasikia ndizi mbivu, nyasi, na moshi kwa mbali, kwani ndizi huivishwa kwenye shimo lililofunikwa na mara nyingine hufukizwa.

Nyuma ya moshi mtafute mtama. Hukaangwa na kusagwa kabla ya kunyunyizwa kwenye maji ya ndizi, ndiyo maana unanukia kama ukoko wa mkate. Viwanda vikubwa navyo vinaujua mtama: mwaka 2002 Nile Breweries ya Njeru, jirani na Jinja, ilitoa Eagle Lager kwa mtama mweupe wa Epuripur. Ila kwenye Eagle mtama umenyamazishwa. Kwenye tonto unasema.

Harufu ikikuchoma pua kama rangi ya kucha, siku zake zimepita. Isindikize.

5. Tenga uchachu, uchungu na ukakasi

Kiswahili kimetupa maneno matatu, tuyatumie. Uchachu hukamua mate pembeni mwa ulimi. Uchungu hukaa nyuma, karibu na koo, na kwenye tonto ni mdogo kwa kuwa haina hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Ukakasi ndio ule unaokausha kinywa kana kwamba umetafuna ndizi mbichi, na hapo ndipo tonto inapoizidi bia ya ngano.

Kunywa mafunda matatu madogo. La kwanza ni la kushtuka, usilitolee hukumu. La pili tafuta utamu uliobaki. La tatu limeze, kisha hesabu kimya kimya mpaka kumi. Kinachobaki mdomoni baada ya hapo ndicho utakachomsimulia mwenzako.

6. Ijue ndizi yako

Si matoke yanayokamuliwa. Kuna ndizi za pombe, mbidde, zenye ukakasi uliokolea hata hakuna anayezitamani sahanini. Kuna kayinja, nene na yenye maji mengi, na kisubi, ndogo na tamu. Muulize muuzaji alitumia ipi, halafu uone kama ulimi wako unakubaliana naye.

Kayinja ilipata pigo kubwa. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulitambuliwa Mukono, mashariki mwa Kampala, na aina hiyo ikaathirika vibaya, kwani wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Wakulima walifundishwa kukata ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu, tena kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, maana kisu nacho hubeba ugonjwa. Ukiona mgomba umekatwa ua, jua kuna mtu anailinda glasi yako.

7. Tafuta kitafunio chenye chumvi

Uchachu unapenda mafuta na chumvi. Karanga za kukaanga zinatosha. Muchomo wa mbuzi ni bora zaidi. Lakini ukiwa Kampala mwezi Novemba, msimu wa senene, usijadiliane na mtu: nunua senene waliokaangwa kwa kitunguu, tafuna wachache, shushia funda la tonto ya siku mbili. Chakula kitamu kama keki kiache kando, kitaifanya tonto ionekane kali bure.

8. Heshimu jirani, na ogopa kawunyemu

Juu ya kilima chetu umesimama Msikiti wa Taifa, na majirani wengi hawanywi. Onjea ndani, sauti chini. Mgeni asiyekunywa mwekee omubisi, maji ya ndizi yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo na kunywewa kabla hayajachachuka. Ni matamu, na hakuna atakayejiona amesahauliwa.

Kumbuka pia kwamba dumu halijaandikwa asilimia. Bia chachu ya ngano ya Berlin ina kilevi cha asilimia 3 hivi. Tonto iliyokolea huivuka kwa urahisi, na utamu wake hauonyi mtu. Weka maji mezani, aliye chini ya miaka 18 asiguse, na funguo za gari zibaki nyumbani. Polisi wa kawunyemu wakikuwekea kile kifaa cha kupima kilevi mdomoni, hawatauliza kama ulikuwa unaonja au unakunywa.

Ukikumbuka kidokezo kimoja tu, kiwe cha kwanza. Muuzaji akishindwa kukuambia imekamuliwa siku gani, rudisha kikombe.