Nairobi–Mombasa kwa Ndege: Anza Hesabu Mlangoni Dandora

Tiketi ya ndege ya Mombasa huonyesha safari ya takriban saa moja. Mkazi wa Dandora akiipanga siku yake kwa saa hiyo pekee, ataachwa. Hesabu ya kweli huanzia mlangoni pako Phase 4 na kuishia mlangoni pa mwenyeji wako Kisauni, Mombasa.

1. Kadiria muda wa ndege. Chukua umbali wa angani kwa kilomita, ugawe kwa 800, kisha uongeze nusu saa ya kupaa na kutua. Kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi uwanja wa Moi, Mombasa, ni kama kilomita 420: dakika 32 na nyingine 30. Dar es Salaam, kilomita 665, ni saa moja na dakika 20. Dubai, kilomita 3,550, ni karibu saa tano. Usitumie kilomita za barabara. Kwa gari, Mombasa inakaribia 480.

2. Soma saa vizuri. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa. Dubai imetutangulia kwa saa moja, hivyo ukiondoka Nairobi 16:00 utatua huko kama 22:00.

3. Hakikisha uwanja kwa herufi tatu zilizo kwenye tiketi. NBO ni JKIA, Embakasi. WIL ni Wilson, Barabara ya Lang'ata, upande wa pili wa jiji. MBA ni Mombasa, lakini UKA ni Ukunda, karibu na Diani, ng'ambo ya kivuko cha Likoni.

4. Usizunguke kupitia katikati ya jiji. Kwenda JKIA, toka hadi Kariobangi, shika Outering kupitia Donholm hadi kituo cha Taj, kisha upande matatu namba 34 ya uwanjani. Jipe saa moja na nusu wakati wa foleni, na zaidi mvua ikinyesha. Kama ndege ni ya alfajiri, panga teksi tangu jioni.

5. Jumlisha yote. Njiani saa moja na nusu. Kufika mapema kwa ukaguzi na kukabidhi mizigo, saa mbili. Ndege, saa moja. Kungoja begi na kuingia mjini, saa moja na robo. Jumla ni kama saa sita.

6. Linganisha na treni ya SGR. Treni ya moja kwa moja hutumia saa tano hadi sita kutoka Syokimau hadi Miritini. Ukiongeza safari ya kufika stesheni, ukaguzi na matatu ya Miritini, utakaribia saa tisa.

Kwa hiyo ndege inakuokolea kama saa tatu. Toa nauli ya treni kwenye nauli ya ndege, ugawe kwa tatu: hiyo ndiyo bei ya kila saa unayoiokoa. Ikizidi unachopata kwa saa moja ya kazi, na huna haraka, panda treni.