Somo: Kusaidia Shamba Lililoharibiwa na Maji

Wanafunzi wenzetu, tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, mito ya Kalehe ilishuka pamoja na mawe. Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walikufa. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walichimbua maiti, wakazika.

Na mashamba? Sisi wenye nguvu tukamate majembe, lakini kwanza tuulize wenye shamba na majirani: mpaka ulipita fasi gani? Tukikosea tunawaachia kesi. Halafu tufungue mifereji. Muhogo ukikaa ndani ya maji unaoza upesi. Ung'olewe, umenywe, uloweshwe, uanikwe. (Asiye na jembe abebe ndoo, kusimama na kutazama si salongo.) Fasi mawe yamejaa, tusimdanganye mama kwamba maharagwe yataota. Tumwombee kwa wazee kipande kingine.